Mashine Iliyolala Wakati wa Adhana

Munje, Msambweni
Usiku wa kuamkia safari yako

Mwanangu Mwanasiti,

Nakusikia chumba cha pili ukilifunga na kulifungua sanduku lile lile. Mama yako amekwisha kukueleza habari za maji ya kuchemsha, na fedha za kufunga kwenye pindo la leso, na kwamba usimchoshe mama yako mdogo huko Tanga kwa kuamka jua likiwa juu. Hayo nayaruka. Mimi nina jambo moja tu, na lau ningeweza kulisema kwa mdomo nisingewasha taa.

Kaka yako Hamisi anaondoka kwenda Maskati. Mama yako mdogo, anayekaa naye tangu alipotuacha, ametuma salamu kwamba kijana amepata kazi katika tanuri la mikate huko, karatasi zake ziko tayari, na kinachosubiriwa ni siku ya ndege. Huenda ikawa wiki hii, huenda ikawa ijayo. Akishapanda, mkataba ni wa miaka, nami kifua changu unakijua. Wewe ndiwe unayeamka kunipa maji kikinibana. Barua mbili nilizomwandikia zimerudi na gundi yake vilevile. Kesho wewe utalala nyumba moja naye. Ninaogopa, Mwanasiti. Nimefundisha watoto wa watu miaka mingi na sijapata kuogopa hivi mbele ya kijana yeyote, sembuse wangu.

Siku fundi wa kompyuta aliporudi mwezi uliopita ulikuwa Mombasa kwenye masomo yako ya kupiga chapa, na mama yako amekusimulia vipande. Nataka uyajue yote kwa mpangilio wake, kwa sababu Hamisi atakuuliza ilikuwaje, na ana haki ya kuuliza.

Nilipostaafu ualimu nikachukuliwa na hoteli ile ya Diani kuwa karani wa zamu. Kazi yenyewe ilikuwa kujua nani ameingia kazini na nani ametoka, na saa ngapi. Mwanzoni nilikaa mlango wa nyuma nikawaona watu kwa macho yangu. Kisha hoteli ikanunua kompyuta, na mlangoni pakawekwa kisanduku. Mfanyakazi hupitisha kadi, taa ya kijani huwaka, naye huenda zake. Saa inayoandikwa yeye haioni. Huandikwa ndani ofisini. Mimi nikahamishwa kutoka mlangoni nikapewa kiti chenye mto.

Kompyuta ile ya kwanza ililiwa na chumvi ya bahari. Mwanzoni mwa mwaka huu ikaletwa mpya, lakini hiyo mpya ikaikataa programu ya zamani ya kadi. Akaitwa fundi Mutuku kutoka Mombasa, yule kijana wa Ukambani mwenye kofia. Akafanya jambo ambalo sikuwahi kulisikia. Ndani ya mashine mpya akaunda mashine nyingine isiyo na umbo, ya kujifanya, na ile programu ya zamani ikawekwa humo. Ikakaa humo ikidhani kwamba iko katika kompyuta yake ya kale. Alisema ni programu mpya kabisa, hata yeye alikuwa akiijaribu. Ile ya nje aliiita mwenyeji, na ile ya ndani mgeni.

Sasa sikiliza sehemu yangu. Wageni walikuwa wachache na umeme ulikatika kila mara. Meneja alikuwa akilalamika asubuhi na jioni juu ya dizeli ya jenereta. Hakuna aliyeniuliza neno. Mimi mwenyewe nilimwambia Mutuku, "Usiku mashine hii haina kazi. Kwa nini ile umeme kama mchana?"

Akasema, "Inawezekana, mzee. Nitaseti ikikosa kazi ijilalie yenyewe. Ikipata kazi inaamka."

"Na kadi ikipitishwa usiku?"

"Itaamka, itaandika, itarudi kulala."

Meneja alinisifu mbele ya wahasibu. Nilirudi nyumbani siku ile nikamwambia mama yako mara mbili kwamba nimesifiwa. Unakumbuka, maana ulinicheka.

Baada ya Maulidi likatoka agizo: watu ni wengi kuliko kazi, na yeyote anayeondoka kabla ya zamu yake kwisha ataachishwa. Nikaambiwa nichape majina. Nikachapa, na jina lililotoka ni moja. Hamisi, mwokaji wa usiku, alikuwa akiondoka karibu saa nzima kabla ya wakati, tena si siku moja, karibu kila siku.

Nililitazama jina lile, na nitakuambia nilichofikiri, ingawa kinaniaibisha. Nilifikiri watu watasema nini nikilificha. Sikufikiri kama ni kweli. Kweli nilikwisha kuiona, imechapwa. Nami si mtu wa kubahatisha. Siku ile saa sita mchana nililinganisha saa ya kompyuta na saa ya redio, na zilikuwa sawa kabisa. Nikapeleka karatasi kwa meneja nikiwa nimenyoosha mgongo.

Hamisi aliitwa ofisini jioni. Nilikuwepo. Hakupiga kelele. Alisema, "Mimi hutoa mikate ya mwisho baada ya adhana. Nasikia adhana ya alfajiri nikiwa bado mbele ya tanuri. Baba, wewe unaujua ule msikiti wa nyuma ya ukuta."

Nikamjibu mbele ya watu wote: "Muadhini ni binadamu. Mashine haina usingizi."

Hayo ndiyo maneno yangu. Meneja akatikisa kichwa kukubali, na kazi ya ndugu yako ikaisha pale.

Kesho yake Bi Mishi wa dobi alinikuta kwenye kamba za kuanikia shuka. Akasema bila kunitazama, "Mwalimu, mwanao hupita hapa kuaga nikiwa nimekwisha kuswali. Ana unga mpaka kwenye nyusi. Kuku wangu wanajua saa kuliko hiyo televisheni yako."

Nikamwambia hiyo si televisheni.

"Basi hata picha haina," akasema, akaendelea kukung'uta shuka.

Wewe ulimwamini ndugu yako tangu mwanzo. Nilikuuliza una ushahidi gani, ukaniambia huna. Ulisema tu, "Hamisi hawezi." Nilikuona mtoto.

Kisha ikaja ile jioni ya nyumbani. Ulikuwa jikoni na mama yako, kwa hiyo uliyasikia, lakini hukuyaona. Nilikuwa nimekaa kibarazani. Hamisi aliingia kutoka njiani, akasimama mbele yangu, akaanza moja kwa moja: "Baba, hukuniuliza hata swali moja. Hata moja."

Nikamwambia, "Kwanza salamu."

Alinitazama. Nilingoja nipewe shikamoo yangu. Nilikuwa tayari kabisa kusema marahaba, na baada ya marahaba nilikuwa tayari kusikiliza. Naapa kwamba nilikuwa tayari. Lakini hakuitoa. Alinipita, akaingia ndani, akatoka na mfuko, na mama yako akamfuata mpaka barabarani bila viatu.

Nilibaki kibarazani nikiwa na haki yangu. Mwenye kuingia ndiye mwenye kutoa salamu, na mdogo ndiye mwenye kumwamkia mkubwa. Hakuna mtu wa Munje ambaye angenikosoa. Niliilinda haki ile miezi yote iliyofuata. Nikaila na chai.

Mwezi uliopita Mutuku akarudi. Unajua jinsi watu wanavyohofia kwamba mwaka elfu mbili ukiingia kompyuta zitapoteza hesabu ya miaka. Hoteli ilimtaka akague. Alifanya majaribio yake jioni, akaiacha mashine, akalala chumba cha wafanyakazi, nami nikafika mapema kumfungulia ofisi kabla wahasibu hawajaja. Nilikuwa nimeswali msikiti ule wa nyuma.

Aliwasha kioo, akasogeza kofia nyuma, akaanza kucheka.

"Mzee, hebu cheki hii maneno. Huyu wa nje anasema kumekucha. Huyu wa ndani bado ako saa kumi na kitu, yaani anaota."

Nikamwuliza maana yake.

"Si unaona? Huyu mgeni hana saa yake. Hana betri, hana nini. Huyu mwenyeji ndiye anamgongea, tak, tak, tak, na yeye anahesabu. Sasa usiku hakuna kazi, mwenyeji analala, nani atamgongea? Akiamshwa anaendelea pale aliachia. Anafikiri hakuna wakati umepita."

"Mbona mchana huwa sawa? Nililinganisha na redio."

"Mhasibu akifika anafanya nini?"

"Huizima na kuiwasha programu."

"Ndiyo hiyo. Ikiwaka upya inachukua saa ya mwenyeji, inakuwa sawa. Mchana kuna kazi, hailali. Usiku inaanza tena kuchelewa kidogo kidogo." Akanitazama. "Lakini si wewe mwenyewe uliniambia isikule stima bure? Nilikuwa nafikiri ni saa ya kuonyesha tu, sikujua mnaitegemea."

Nikamwuliza tangu lini.

"Tangu siku ya kwanza, mzee. Kwani kuna mtu alikosana na saa?"

Hakuwa na ubaya wowote. Alikuwa akitabasamu. Nilimwambia hapana, hakuna mtu. Nilimjibu hivyo, Mwanasiti. Kisha nikatoka nje nikakaa juu ya kreti la soda karibu na tanuri, nikajaribu kuelewa jinsi lilivyompata yeye peke yake. Haikuchukua muda. Walinzi wote hutoka baada ya wahasibu kufika, saa ikiwa imekwisha kusahihishwa. Wahudumu hutoka mchana au jioni. Dobi hawakupewa kadi. Katika hoteli nzima mtu mmoja tu alikuwa akitoka saa ile ambayo mashine ilikuwa imelala zaidi, naye ni mwanangu, kwa sababu watu wanataka mkate wa moto asubuhi.

Msikiti ulikuwa pale pale nyuma ya ukuta. Kwa sauti ya muadhini yule nimesimama mbele ya Mola wangu kila alfajiri niliyokuwa kazini, wala sikumwuliza hata siku moja kama saa yake ni sahihi. Nilimwamini kwa swala yangu. Nilipoambiwa nimwamini kwa ajili ya mtoto wangu, nikataka karatasi.

Nilikwenda kwa meneja siku hiyohiyo. Alinisikiliza vizuri. Akasema, "Mwalimu, nakuelewa, na ninasikitika. Lakini tanuri nimelizima. Mkate sasa unatoka Ukunda. Hata nikimwita, aje aoke nini?" Nilimwomba aandike kwamba Hamisi hakuwa mwizi wa muda. Akasema atafikiria. Bado anafikiria.

Kisha nikaingia jikoni wakati wa chakula cha wafanyakazi nikawaambia wote waliokuwapo kwamba Hamisi alisema kweli na mimi nilikosea. Wengine walitazama sahani zao. Bi Mishi ndiye aliyesema, "Sisi tulijua, Mwalimu. Kamwambie asiyejua kwamba unajua." Nikaacha kazi mwisho wa wiki ile. Mama yako anafikiri niliachishwa. Mwache afikiri hivyo, au mwambie, upendavyo.

Tangu hapo sifanyi ila kukumbuka, na kumbukumbu haziji kwa adabu. Hamisi alipokuwa darasa la saba, alikuwa akisoma kwa taa ya chemli pale mezani. Nikipita nikamwona amefumba macho, huizima. Mafuta yalikuwa ghali. Kila mara aliniambia gizani, "Sijalala, baba. Nafumba macho nikariri." Nami kila mara nilimwambia mtu macho yakifumba amelala. Hakuacha kuniambia. Miaka yote ile hakuacha kuniambia kweli, nami sikumwamini, na bado jioni ile alirudi kibarazani kujaribu tena.

Na wewe je? Ulikuwa na miaka sita au saba siku mama yako alipoteleza kisimani. Ulikuja mbio, matope mpaka magotini, ukaingia darasani kwangu ukasema, "Baba, mama..." Nikakuambia urudi mlangoni, uingie kwa utaratibu na utoe salamu. Ukarudi. Ukasimama mlangoni ukapumua. Ukasema, "Shikamoo, mwalimu," kwa sababu shuleni nilikufundisha usiniite baba. Nikasema marahaba. Ndipo ukasema, "Mama ameanguka, mkono wake umegeuka." Kwa miaka mingi nimeisimulia habari ile kwa wageni kama mfano wa mtoto mwenye adabu, na wewe ulikuwa ukitoka nje kila nilipoianza. Sikujiuliza unatoka kwenda wapi.

Nilidhani ninawafundisha heshima. Sikatai heshima, mwanangu. Nitaitaka mpaka nizikwe. Lakini niliiweka mbele ya mlango kama ulinzi, na kila mliponijia na jambo zito lilibaki nje mpaka mtoe kwanza salamu. Nilijizoesha kupumzika nyuma ya mlango ule. Ninyi mlikuwa mkigonga, nami nilikuwa nimelala, na nilipoamka niliendelea pale nilipoachia, nikidhani hakuna kilichopita. Hamisi amekuwa mtu mzima katika saa ambazo mimi sikuzihesabu. Nikimfikiria, bado namwona na sare ya shule. Mama yako ananiambia ameota ndevu.

Nilipoianza barua hii nilikuwa na nia ya kukutuma. Nilitaka ukifika Tanga umweke Hamisi chini umweleze habari za mashine, za mwenyeji na mgeni, na adhana, kisha umsihi asipande ndege kabla hajapokea barua ya tatu. Nilikuwa nimekwisha kuyapanga maneno yako kichwani, hata pa kutua nimepachagua. Ndivyo nilivyo. Lakini nimeandika mpaka hapa, na kila nikifika mahali pa kukutuma kalamu inakataa. Wewe hukumkosea. Nikikutuma nitakuwa nimerudi kwenye kile kiti chenye mto, nikimwacha mwingine asimame mlangoni.

Kwa hiyo sikutumi. Nimekwisha kuongea na mama yako, sasa hivi, nilipotoka kwenda kunywa maji. Nilimwambia nitasafiri nawe. Hakuniuliza nauli itatoka wapi wala kifua kitakuwaje. Alisema, "Chukua kanzu ya pili," akageukia ukuta. Sijui kama alikuwa akilia. Kanzu ya pili imo ndani ya mfuko wa shule, ule wa kitambaa, kwa sababu sanduku tunalo moja na ni lako.

Barua hii nitaiweka juu ya sanduku uikute ukiamka, uisome kabla hatujatoka, kwa sababu njiani sitaweza kuyasema haya, na ukinitazama tu nitaanza kukusahihisha jinsi ulivyofunga mtandio. Usinijibu njiani pia. Mpakani nitawashughulikia watu wa pasi. Hiyo ni kazi ninayoiweza. Tukifika kwa mama yako mdogo, wewe ingia ndani ukapumzike. Usimwandae Hamisi kwa ajili yangu. Usinitetee. Akiuliza nani yuko nje, mwambie, halafu mwache achague mwenyewe. Akinifungia, usitoke kuniomba msamaha kwa niaba yake. Nitakaa hapo nje. Nimekaa kibarazani miezi yote hii nikimngojea aje anipe haki yangu. Naweza kukaa pengine pia. Na ikiwa tumechelewa na ameshapanda ndege, sijui la kukuambia. Nimelifikiria jambo hilo tangu magharibi na sijui.

Lakini akitoka, ukiwa dirishani utanisikia. Safari hii mgeni ni mimi, na mwenye kuingia ndiye mwenye kutoa salamu. Nitamwambia assalamu alaykum, Hamisi, nimekosa. Nitasema yote mawili kwa pumzi moja, wala sitasubiri shikamoo.

Baba yako